Jenerali Narciso Clavería na majina ya ukoo ya Wafilipino: alikuwa mtawala wa namna gani?

Bandari ya Kale ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni baharia, na kwa miaka kumi na miwili sasa nimefanya kazi kwenye meli za mizigo ambamo, karibu kila safari, nusu ya wenzangu huwa ni Wafilipino. Mwezi uliopita, tulipokuwa tumetia nanga nje ya Salalah tukisubiri zamu ya kuingia gatini, nilipewa kazi ya kunakili orodha ya mabaharia kwa ajili ya maofisa wa uhamiaji, na kalamu ilipokuwa ikishuka chini ya safu ya majina nikagundua jambo ambalo siku zote lilikuwa mbele ya macho yangu: watu wanne, ambao nina hakika si ndugu, walikuwa na majina ya ukoo yanayoanza na herufi R. Nilipomuuliza serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, ambaye naye ni mmoja wa hao wanne, alicheka akasema kuwa wote wanatoka mji uitwao Oas, katika mkoa wa Albay, na kwamba zamani mtu wa pale asiye na R alijulikana mara moja kuwa ni mgeni. Akaongeza kuwa babu zao waligawiwa majina hayo na jenerali wa Kihispania aitwaye Clavería, kisha akaitwa kwenye nanga na mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka yote hii nimeamini kuwa Mfilipino mwenye jina la Kihispania ana babu Mhispania, kama ambavyo huku kwetu mtu akijiita Al-fulani tunadhani asili yake ni Hadhramaut au Oman. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze jenerali huyo alikuwa nani, aliongoza kwa muda gani, na ni jambo gani lililomfanya mtawala mwenye jeshi na mizinga ashughulike na majina ya wakulima. Ningependa pia kujua kama mambo mengine aliyoyafanya yanafanana na hilo, au kama lilikuwa wazo la siku moja tu.

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Ndugu Bandari ya Kale, serahangi wako hakukudanganya.

Jina lake kamili ni Narciso Clavería y Zaldúa, mzaliwa wa Girona, katika Catalonia, mwaka 1795. Alifika Manila Julai 1844 akiwa Gavana Jenerali, akaondoka mwishoni mwa 1849, na akafariki Madrid mwaka 1851. Miaka mitano na ushei si muda mrefu kwa mtawala wa koloni lililodumu zaidi ya karne tatu, lakini ni magavana wachache wa Kihispania ambao kazi yao bado inaonekana kwenye pasipoti nyingi za Wafilipino hadi leo.

Ili kumwelewa, ni vyema kuanzia na hali aliyoikuta. Hadi Meksiko ilipojipatia uhuru mwaka 1821, Ufilipino ilikuwa ikitawaliwa kupitia huko, si moja kwa moja kutoka Madrid, na Hispania ilipozipoteza nchi zake za bara la Amerika, visiwa hivi vya mbali vikawa miongoni mwa makoloni machache iliyobaki nayo. Wakati huohuo wenyeji walikuwa wameanza kutikisa kiti. Mwaka 1841 Apolinario de la Cruz, aliyeanzisha udugu wa kidini wa wenyeji huko Tayabas kwa sababu mashirika ya watawa hayakutaka kumpokea, aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi, na Januari 1843 askari wa kikosi kilichotoka Tayabas waliasi mjini Manila wakaiteka ngome ya Santiago kwa saa chache. Clavería aliingia mwaka mmoja na nusu tu baada ya hapo. Tazama pia jina la yule mwanzilishi wa udugu, de la Cruz, yaani wa Msalaba, kwa sababu majina ya namna hiyo ndiyo hasa yaliyomkera gavana wetu.

Hapa ndipo dhana uliyokuwa nayo inapohitaji kurekebishwa, na pengine ya serahangi pia. Si kweli kwamba Wafilipino hawakuwa na majina ya Kihispania kabla ya 1849. Taabu ilikuwa kwamba walikuwa nayo machache mno na kila mtu alijichagulia. Mkristo aliyebatizwa alichukua jina la mtakatifu au la ibada, kama de los Santos, del Rosario, Bautista au de la Cruz, na ndugu watatu wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina matatu tofauti ilhali maelfu ya watu wasiohusiana walishiriki jina moja. Clavería aliitembelea mikoa mingi yeye mwenyewe, jambo ambalo si kila gavana alilifanya, na katika amri yake ya tarehe 21 Novemba 1849 anaeleza kuwa aliona kwa macho yake jinsi fujo hiyo ilivyowavuruga mahakimu, wakusanya kodi na mapadri. Paroko hakuweza kujua kama bwana na bibi harusi waliosimama mbele yake ni ndugu wa damu waliokatazwa kuoana. Mkusanya kodi naye alikuwa na taabu kubwa kuliko hiyo, kwani kila familia ilidaiwa kodi ya kichwa, na kila mwanamume wa umri wa kufanya kazi alidaiwa siku arobaini za kazi ya lazima kwa mwaka. Mtu aliyehamia kijiji cha pili na kujiita jina jipya alikuwa ametoweka kabisa machoni pa serikali.

Kwa hiyo ikatungwa orodha ya majina kwa mpangilio wa alfabeti, yapata majina 60,000, ambamo majina ya Kihispania yamechanganywa na maneno ya lugha za wenyeji, majina ya mimea, ya madini, ya milima na ya miji. Kurasa ziligawiwa mikoa kulingana na wingi wa watu, mikoa ikazigawa kwa miji, na katika kila mji kiongozi wa mtaa, aliyeitwa cabeza de barangay, alikaa pamoja na paroko huku baba au mzee wa kila familia akichagua jina, au akipangiwa, ambalo tangu siku hiyo lingekuwa lake na la uzao wake wote. Mji uliopata kurasa za R ukawa mji wa akina R. Albay ni mfano maarufu kwa sababu maofisa wa huko waliufuata mpangilio kwa unyofu wa ajabu: A ilibaki makao makuu ya mkoa, M ikaangukia Daraga, R ikaenda Oas, na jirani zao wa Polangui wakapewa S, hata unaweza kusafiri kwa mkokoteni ukisoma alfabeti njiani.

Amri haikuwa ya kuombana. Aliyebadili jina aliloandikishwa alipaswa kufungwa, na hata walimu wa shule walitakiwa kuhakikisha kuwa watoto hawaitani ila kwa majina ya orodha, la sivyo mwalimu mwenyewe aadhibiwe. (Mimi nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na ningependa kumwona gavana huyo akijaribu kuwazuia watoto wasiitane majina ya utani.) Waliokuwa tayari na jina la kurithi waliruhusiwa kubaki nalo, na aliyeweza kuthibitisha vizazi vinne aliliendeleza hata kama lilikuwa la mtakatifu, isipokuwa yale yaliyozagaa mno kama de la Cruz na de los Santos. Baadhi ya koo za watawala wa kale, hususan Lakandula, nazo ziliachiwa jina lao.

Mfano ulio karibu ni wa José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino. Babu yao aliyetoka Uchina, Domingo Lam-co, alijipa jina Mercado, maana yake soko, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara. Mwaka wa amri, baba yake Rizal akaongezewa jina la pili, Rizal, kwa upendeleo wa hakimu wa mkoa, lakini nyumbani waliendelea kuwa akina Mercado. Ilipofika 1872 kaka yake, Paciano, alikuwa akitiliwa shaka na serikali kutokana na ukaribu wake na Padri Burgos aliyenyongwa mwaka huo, ndipo kijana José akaandikishwa shule kwa jina la Rizal ili asihusishwe na kaka yake. Jina lililotungwa ili serikali imjue kila mtu likamsaidia kijana mmoja kujificha, na hatimaye likawa jina ambalo serikali hiyohiyo ililiogopa kuliko yote.

Kusi na Kaskazi amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu. Kwa kuwa muulizaji ni mtu wa bahari, namwongezea jambo ambalo atalifurahia kuliko majina: Clavería ndiye aliyeifuta siku moja nzima.

Wahispania walifika Ufilipino wakitokea Meksiko, yaani wakielekea magharibi, na wakaendelea kuhesabu siku kama zinavyohesabiwa Amerika. Wareno walifika Macau wakitokea upande wa pili, kwa kuzunguka Afrika na kupita Bahari ya Hindi. Matokeo yake ni kwamba meli iliyovuka kutoka Macau siku ya Jumatatu ilikuta Manila wangali Jumapili, na padri aliyekuwa amekwisha sali misa angeweza kutakiwa kuisali tena. Mkasa huu ni wa zamani sana. Mwaka 1522 mabaharia wa Elcano, waliokuwa wakirejea kutoka safari ya kuizunguka dunia iliyoanzishwa na Magallanes (Magellan), walitua Cape Verde wakiamini ni Jumatano, wakaambiwa na Wareno wa pale kuwa ni Alhamisi, nao hawakuelewa walikoipoteza siku hiyo ilhali kumbukumbu zao zilikuwa zimeandikwa bila kuruka.

Koloni liliishi na kosa hilo kwa karibu karne tatu kwa sababu biashara yake kubwa, ile ya merikebu za Acapulco, ilikuwa na upande wa Amerika. Safari hizo zilipokoma mwaka 1815 na Meksiko ikaondoka, biashara ya Manila ikageukia Uchina, India na majirani wengine, na kutofautiana nao kwa siku moja kukawa kero ya kila hati na kila mkataba. Agosti 1844, mwezi mmoja tu baada ya kufika, Clavería kwa makubaliano na askofu mkuu aliamuru kwamba Jumatatu tarehe 30 Disemba ifuatwe na Jumatano, Januari mosi 1845. Jumanne tarehe 31 Disemba 1844 haikuwako Ufilipino, hivyo ukimkuta mtu kwenye daftari la parokia ya huko aliyeandikwa kuzaliwa siku hiyo, ujue karani amekosea.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko, na ambao usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoitangulia Ijumaa, tusiwacheke sana.

Msomaji wa Pangani amejibu:

Ndugu zangu, maelezo yenu ni mazuri, lakini mkisoma mpaka hapa mtadhani Clavería alikuwa karani mkuu aliyependa daftari safi. Mnamsahau jenerali. Wahispania wa wakati wake hawakumpa cheo cha Count wa Manila kwa ajili ya orodha ya majina, ambayo ilikuwa bado haijatoka; walimpa kwa ajili ya Balanguingui.

Kisiwa hicho kidogo cha mikoko kipo katika funguvisiwa la Sulu, kusini, na wakazi wake, Wasama, walikuwa mabingwa wa kuteka watu. Kila mwaka ulipoanza kuvuma upepo wa kusini-magharibi, ambao huko huitwa habagat na kwa majira unakaribiana na kusi yetu, mashua zao zilipanda kaskazini hadi pwani za Visayas na Luzon, zikakamata wavuvi na wanakijiji, zikarudi nao kuwauza Jolo. Minara ya mawe waliyojenga wenyeji ili kuchungulia bahari bado imesimama katika pwani nyingi. Mateka hao walihitajika kwa sababu Sulu ilikuwa ikiwauzia wafanyabiashara wa Uchina na wa Ulaya majongoo bahari, chaza na viota vya ndege, na mazao hayo yote yanataka mikono mingi ya kuzamia na kukusanya. Anayeijua historia ya karafuu za Unguja katika miaka hiyohiyo hatashangaa: bei ya bidhaa ikipanda sokoni mbali, mtu wa kijijini ndiye anayekamatwa.

Wahispania walikuwa wamewafukuza kwa matanga kwa karne nyingi bila mafanikio, maana mashua ya Kisama, yenye makasia na kina kifupi, iliingia kwenye vijito vya mikoko ambako merikebu haifiki. Mwaka 1848 Clavería alipata meli tatu za moshi zilizonunuliwa Uingereza, nazo ziliitwa Magallanes, Elcano na Reina de Castilla. (Kusi na Kaskazi ataona kuwa yule aliyepoteza siku amerudi akiwa ni chombo cha chuma na makaa.) Meli ya moshi haingojei habagat wala haina haja ya kugeuza tanga. Februari mwaka huo gavana mwenyewe alikiongoza kikosi, akazipiga ngome za kisiwa kwa mizinga, kisha askari wakapanda kuta za magogo kwa ngazi. Katika ngome ya Sipac, walipoona kwamba hakuna tena njia ya kutoka, baadhi ya wanaume waliwaua wake na watoto wao wenyewe kabla ya kuwaendea adui kwa mikuki. Ngome zilichomwa, mashua zikachomwa, minazi ikakatwa kwa maelfu ili mtu asirudi kuishi pale. Mateka wa Kikristo waliokolewa kwa mamia, na hilo ni jambo la haki ambalo silipunguzi.

Ila fuatilieni walipelekwa wapi Wasama waliotekwa, wanawake na watoto wakiwa wengi. Walisafirishwa hadi bonde la Cagayan, kaskazini kabisa mwa Luzon, watu wa bahari wakatupwa bara, katika mashamba ya tumbaku ambayo serikali ilikuwa na ukiritimba wake tangu karne iliyotangulia. Kiongozi wao Julano Taupan aliendelea kupigana kwa miaka mingine kadhaa, na mwishowe naye akahamishiwa hukohuko. Na tusisahau kuwa serikali hiyo iliyokomesha utekaji wa watumwa huko Sulu iliendelea kuwa na watumwa kwa sheria huko Cuba mpaka mwaka 1886.

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Nakubali sahihisho la Msomaji wa Pangani, nami nakiri kuwa nilimpunja jenerali upande wake wa upanga. Hata hivyo sioni kwamba tunazungumzia watu wawili. Askari wa gwaride hulijua jeshi lake kwa kuita majina asubuhi, na asiyeitika ametoroka. Nadhani Clavería aliitazama nchi nzima kwa jicho hilo. Mwaka 1847 alimruhusu Mhispania mmoja wa Kibaski, José Oyanguren, kwenda kuiteka ghuba ya Davao kwa gharama zake mwenyewe, naye alipofaulu mwaka uliofuata akaipa sehemu hiyo jina la nyumbani kwao, Nueva Guipúzcoa. Huko nako ilikuwa ni kuwaingiza kwenye orodha watu ambao walikuwa hawajawahi kuitwa.

Lakini gwaride halikutimia, na hapo ndipo ninapoona kipimo halisi cha kazi yake. Jina la de la Cruz, alilotaka lipungue, hadi sasa ni miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi Ufilipino, na Santos na Reyes yako nalo bega kwa bega. Watu waliandikishwa jina la orodha mbele ya meza, wakarudi nyumbani wakaendelea na la zamani, na paroko aliyekuwa na maelfu ya waumini hakuwa na muda wa kuwafuata. Majina ya Kitagalogi kama Dimayuga, yaani asiyetikisika, yapo mpaka leo, na koo zenye asili ya Kichina zilibaki na majina yanayoishia na -co, ambalo ni neno la heshima la Kihokkien lenye maana ya kaka. Ukitaka kujua ni wapi amri ilifuatwa na wapi ilipuuzwa, kitabu cha simu cha mji kinatosha kukuonyesha: Oas utaiona R, na Manila utaona kila kitu.

Bandari ya Kale amejibu:

Nawashukuru nyote. Juzi usiku, tukiwa zamu moja, nilimsomea serahangi maelezo yenu huku nikimtafsiria. Habari ya siku iliyofutwa alikuwa hajawahi kuisikia, akaitaka mara mbili. Ya Balanguingui aliijua, lakini kwa namna nyingine: kwao, alisema, kuna mabaki ya mnara wa mawe ufukweni, na bibi yake alikuwa akiwatisha watoto wasiolala kwamba watu wa mashua watakuja, ingawa bibi mwenyewe alizaliwa miaka mingi baada ya mashua hizo kuchomwa.

Kisha akachukua karatasi ya upakiaji iliyokwisha kutumika, akachora mto, na juu ya mto akaandika R, na chini yake S. Mke wake anatoka Polangui. Kwa desturi ya huko mtoto huchukua jina la ukoo la mama katikati na la baba mwishoni, kwa hiyo wanawe watatu wote wamejazwa kwenye fomu za shule wakiwa na S kisha R. Nilimweleza kuwa mimi, kwenye ofisi moja ya hati za kusafiria, niliwahi kukaa mchana kutwa nikibishana na karani aliyetaka jina la ukoo wakati mimi nina la baba na la babu tu, na kwamba mwishowe babu yangu ndiye aliyegeuzwa ukoo. Akacheka akasema basi na mimi nimepitiwa na Clavería, kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni ili akamwonyeshe mkewe.